Fungu Lisilokuwamo Ramanini

Ngurumo ilitangulia: mawimbi yakipasuka mahali fulani mbele, ndani ya ukungu wa Oktoba, karibu na kisiwa cha Vlieland. Nahodha Sybren aliinua kichwa.

"Hayo yanavunjika juu ya mchanga. Tutie bildi tupime kina."

"Ya nini?" Gerbrand Haverkate aligonga ramani kwa kidole. Ukoo wake ulichora na kuchapa ramani za bahari Amsterdam, na jina lao lilikuwa pale pembeni, mwaka mpya chini yake. "Hapa pana kina cha pima saba. Babu alipapima mwenyewe."

"Babu yako katulia kaburini, bwana mdogo. Mchanga hautulii."

Hata hivyo hakugeuza usukani. Angebishanaje na mwenye ramani?

Chombo kiligonga. Mlingoti ulikatika ukamponda Sybren paja. Wimbi lililofuata liliwazoa mabaharia wawili waliokuwa nao, pamoja na mashua. Maji yalipokupwa, Gerbrand alimburuta nahodha hadi mgongoni mwa fungu la mchanga, akalikaza paja kwa mkanda. Damu haikukoma.

"Maji yakijaa yatafika wapi?"

"Wewe kifuani. Mimi nimelala, hesabu mwenyewe."

Gerbrand alichimbia kipande cha mlingoti mchangani, akambeba Sybren mgongoni, akajifunga naye hapo kwa kamba. Maji yalirudi, magotini, kiunoni, yakiuma kama meno.

"Mlipapima lini tena?" Sybren alimuuliza sikioni.

"Hatukupima. Baba alichonga mwaka mpya tu kwenye bamba la shaba la kuchapia."

Nahodha alitema maji ya chumvi. "Basi lichoreni fungu hili. Ila msilipe jina langu. Sitaki kutukanwa na mabaharia kila msimu wa baridi."

Hakusema tena. Maji yalifika kifuani, yakapungua, na uzito mgongoni haukupumua.

Wavuvi wa Vlieland ndio waliokata kamba. Ufukweni, mwanamke aitwaye Trijn alimfumba maiti macho, akamfunika Gerbrand blanketi huku akimsikiliza akisimulia habari ya ramani.

"Ramani hiyo wanayo wengi?"

"Wengi, mama."

"Mume wangu anayo. Yuko baharini, njiani kutoka Danzig."

Gerbrand alijaribu kusimama. Akashika ukingo wa mashua, akasimama.

"Leo hii, kabla maji hayajajaa, nitasimika nguzo pale, na pipa juu yake, mumeo alione akwepe. Kisha naenda Amsterdam, mama. Bamba lile nitalikwangua na kulichonga fungu hili kwa mikono yangu, baba atake asitake."