Mkono Gani, Haralambie?

Jumatatu asubuhi Veta alikuwa jikoni akisonga mamaliga, ugali wao wa mahindi. Ghafla alisikia harufu kali ya dawa ya kuchua. Akachungulia sebuleni. Mumewe, Haralambie, alikuwa amekaa kwenye kochi na fulana, anajichua mkono wa kulia kutoka begani hadi vidoleni.

“We mzee, si ulisema goti ndilo linakuuma?”

“Ndilo.”

“Sasa mbona unachua mkono?”

“Sayansi hiyo. Huwezi kuelewa.”

Haralambie aliendesha treni miaka thelathini na minne, na hakuzoea kuulizwa maswali na abiria. Jumamosi hiyo mjukuu wao Smaranda alikuwa anaolewa. Mzee alikwisha kuapa mbele ya ukoo mzima kwamba yeye ndiye ataongoza hora, ngoma ya kushikana mikono na kuzunguka. Goti likagoma. Basi akachukua simu, akafungua tovuti ya taasisi ya utafiti wa viungo ya mjini kwao, akajitibu.

“Haya, nisomee na mimi,” Veta alisema, mwiko mkononi.

Haralambie akavaa miwani. “‘Katika mkono wa kwanza, wagonjwa waliochuliwa walipata nafuu ya goti. Katika mkono wa pili, hakuna nafuu iliyoonekana.’ Umesikia? Ukichua wa pili unapoteza dawa bure.”

“Na huo wa kwanza ni upi?”

“Wa kulia! Kanisani unapiga ishara ya msalaba kwa mkono gani?”

Veta alijua mumewe amekosea, ila hakujua amekosea wapi, na hilo lilimuudhi zaidi.

“Halafu wanasema, ‘dawa nyingine zote zilisitishwa kabla ya kuanza.’ Hiyo nimeshaifanya tangu Ijumaa.”

“Umefanya nini?”

“Nimeacha vidonge vya presha.”

Mwiko ulimponyoka Veta. Kaka yake aliacha vidonge vya presha, akapooza upande mmoja, na hakuinuka tena. Na tangu jana Haralambie alikuwa akilalamika kwamba kichwa kinamgonga. Veta alidhani ni ile pombe ya plamu. Sasa aliogopa kwelikweli. Akapanda ngazi na kandambili zake hadi ghorofa ya nne, akagonga mlango wa jirani yao Otilia.

Otilia alifanya kazi katika taasisi hiyohiyo. Kwa miezi mitatu alikuwa akiisuka upya tovuti yao. Alishuka mbio, nywele nusu zimechanwa. Wakampima mzee presha kwa mashine ya nyumbani: mia na sabini na nane kwa mia na mbili. Wakampigia daktari wa familia. “Mleteni sasa hivi,” daktari akasema. “Na asije akameza vidonge vya siku tatu kwa mpigo eti anafidia!”

Haralambie, ambaye tayari alikuwa na vidonge vitatu kiganjani, akavirudisha kimyakimya.

Wakiwa wanasubiri kwa daktari, Otilia alimweleza.

“Mjomba, hapo mkono si mkono. Watafiti wakisema mkono, wana maana ya kundi la watu. Kundi moja lilipewa dawa ya kuchua. La pili lilipewa mafuta yanayofanana nayo, lakini hayana dawa. Halafu wakalinganisha.”

“Kwa hiyo mkono wa pili ni watu?”

“Watu arobaini.”

“Na waliochuliwa, walichuliwa wapi?”

“Kwenye goti, mjomba.”

“Si wangesema!” Haralambie aling’aka. Veta akageukia ukutani akacheka mpaka machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

“Na vidonge je?” Veta aliuliza.

“Walioacha dawa walichaguliwa, wakapimwa kila siku, na daktari alikuwa karibu. Mtu wa nyumbani haachi dawa kwa sababu amesoma mahali. Anamuuliza daktari wake kwanza.” Otilia akaongeza, “Kosa si la mjomba peke yake. Miezi mitatu mimi na profesa wetu tunabishania tovuti iwe na buluu ipi. Hakuna aliyeuliza nani anasoma.”

Alhamisi, presha ikiwa imeshuka, Otilia alimpeleka Haralambie kwenye kikao cha taasisi. Veta alimvalisha tai na akafuata nyuma, maana hamwamini.

“Ukurasa uko wazi kabisa,” alisema Profesa Apostolide.

“Mjomba, wasomee,” Otilia alisema.

Haralambie akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye mkono wa kwanza, akakunja shati akawaonyesha wa kwake. Madaktari walicheka hadi viti vikalia. Akawangoja wamalize.

“Na vidonge vya presha niliacha siku tatu,” akasema.

Profesa akavua miwani. “Buluu yoyote itafaa,” akasema taratibu. “Tuandike upya.”

Harusini Haralambie aliongoza hora mzunguko mmoja, polepole, dawa ikiwa gotini. Kisha akaketi kama daktari alivyomwagiza.

Plamu zilipoiva, tovuti mpya ilifunguliwa. Juu kabisa ina milango miwili: wa madaktari, na wa wagonjwa na ndugu zao. Ukiingia mlango wa pili, kila utafiti umeelezwa kwa nusu ukurasa: walijaribu nini, kwa watu wangapi, nini bado hakijulikani. Chini, kwa herufi nene, imeandikwa: Usiache dawa yako kabla ya kumuuliza daktari wako. Na hakuna ukurasa unaotoka kabla Haralambie hajausoma kwa kalamu nyekundu. Akikuta neno la mafumbo, huandika pembeni: “Mkono gani?” Siku hizi hata profesa humwambia hivyo daktari anayezungumza kwa mafumbo.

Juzi muuguzi alipita kumpima presha.

“Nipe mkono, mzee.”

“Mkono gani?” Haralambie aliuliza, amekaza uso.

“Ule ulioota begani!” Veta alipiga kelele kutoka jikoni.

Mia na thelathini na mbili kwa themanini. Veta akarudi kwenye mamaliga yake, akaisonga huku akiimba.