Nilimeza Vidonge kwa Siri, Mume Wangu Akabeba Lawama

Nina umri wa miaka ishirini na miwili, mama wa mtoto mmoja wa kiume, Athumani. Nimesoma mpaka kidato cha pili, na nilipoolewa Likoni nilijiona mwerevu kuliko wanawake wote wa mtaa ule. Leo naandika nikiwa kwa wazazi wangu Kisauni, na aibu yanila. Nina hasira pia… Hasira yangu ya kwanza ni juu yangu mwenyewe. Wengine nitawafikia.

Mume wangu, Omari, ni mtu mpole, mfanyakazi wa bandarini. Tuliishi nyumba moja na mama yake, Bi Mwanaisha, na dada yake Mwanajuma, ambaye alikuwa ananyonyesha binti yake.

Nilipotoka arubaini, mama mkwe alituketisha mimi na Omari akatuonya. “Mpaka Athumani atembee, kila mtu na kitanda chake!” Nyinyi mwajua kwa nini. Mimba ikiingia mama angali ananyonyesha, maziwa huharibika, mtoto hukonda, husemwa kabemendwa. Na mtoto akibemendwa, mtaa mzima hujua kuwa baba na mama walishindwa kujizuia. Yuko wapi mzazi atakayeinua uso?

Tulingoja mpaka mtoto akatimiza miezi mitano. Kisha… nisiwadanganye, tulishindwa.

Ndipo nikamkumbuka Rukia, mwenzangu wa shuleni, aliyekuwa akiuza katika duka moja la dawa mjini. Mwaka ule, uhuru ukikaribia, yeye alikuwa ameshaniambia habari za vidonge vipya ambavyo wake wa Kizungu walimeza kila siku, wasishike mimba. Nikamwomba anipatie.

Rukia hakunificha kitu. Alinitazama kifuani akasema, “Shoga, wewe wanyonyesha. Nenda kamuone daktari kwanza.”

Nilimcheka! Kliniki wangetaka idhini ya mume, na Omari hangenywa hata maji bila ya kumuuliza mamake. Nikamwambia, “Nipe bwana, usinifanye mimi mshamba.” Akanipa. Nikavificha katika droo ya cherehani yangu.

Tangu wiki ya kwanza nikawa natapika. Kichwa kilipasuka, maziwa yaliniuma, miguu ilikuwa mizito kama ya mtu mwingine. Mwezi wa pili yakanitoka madoa ya kahawia usoni, shavu hili na hili, na juu ya mdomo kama masharubu. Nikipaka poda, yanaonekana. Nikijifunika buibui, macho ya watu yanafuata palepale.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kilichoniangusha ni maziwa. Yalianza kupungua. Athumani akinyonya ananitupa, ananitazama, analia. Mwishowe nikiminya, latoka tone moja tu. Mtoto aliyekuwa na mapaja ya kushikika akabaki ngozi!

Mama mkwe hakuhitaji kuelezwa. Alinikuta uani natapika, akaniinua kidevu, akayatazama yale madoa, kisha akamtazama mjukuu wake. Akapiga kelele mpaka majirani wakatoka.

“Mumembemenda mwana! Nyinyi hamuna haya? Nawe Omari, ulikuwa wafa? Hukuweza kungoja?”

Omari alikuwa ndiyo kwanza arejee kazini, hata viatu hajavua. Alisimama pale mlangoni mbele ya wanawake wa mtaa, mtu mzima, akainamisha kichwa kama aliyeshikwa na mali ya wizi. Jirani mmoja akachekea ndani ya leso yake, akasema, “Hao wa bandarini hata wakirudi nyumbani hawaachi kupakia!” Wakacheka wote. Omari akainama akaanza kuvua viatu.

Nami je? Nilijua sina mimba. Nilijua vidonge viko ndani ya cherehani, hatua tatu kutoka aliposimama. Nikanyamaza!

Nilinyamaza kwa sababu aibu ya kubemenda tuliigawana wawili, na aibu ya vidonge ingekuwa yangu peke yangu. Hesabu yangu ilikuwa hiyo, chafu namna hiyo. Na nitawaambia lililo baya zaidi… Niliendelea kuvimeza. Niliogopa nikiacha mimba itaingia kweli, na maneno yao yatimie.

Mtoto akanyweshwa kombe, maji ya aya zilizooshwa sahanini, akaoshwa kwa majani, akanyweshwa uji mwepesi. Akaharisha. Siku ya tatu tukampeleka hospitali, mama mkwe amembeba, mimi nyuma kama mtumishi. Muuguzi akaniuliza kama kuna dawa yoyote ninayotumia. Bi Mwanaisha alikuwa amesimama bega kwa bega nami, amenitolea macho.

Nikasema, “Hapana.”

Wallahi, nilisema hapana. Mwanangu amelala pale, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Wakampa maji ya chumvi na sukari, wakaturudisha nyumbani, wakaniambia nizidi kumnyonyesha. Kumnyonyesha nini?

Ijumaa ile Omari alitoka msikitini akaingia chumbani alipolala mtoto. Mimi nilikuwa ukumbini. Nilimsikia analia, mume wangu ambaye sijapata kumsikia akilia. Alikuwa akimwambia mtoto wa miezi minane, “Nisamehe, baba. Ni mimi niliyekudhuru. Nisamehe babangu.”

Hapo nikashindwa. Nikaenda kwenye cherehani, nikavitoa, nikaviweka mbele yake juu ya mkeka. Nikamweleza yote, tangu siku ya kwanza.

Hakunipiga. Laiti angenipiga! Alivitazama vile vidonge, akaniuliza tangu lini. Nikamwambia miezi mitatu. Akasema polepole, “Miezi mitatu wavimeza, nami naomba toba kwa kosa ambalo si langu, nawe wanitazama… wanitilia maji ya kutawadha, wanitazama.”

Akamchukua mtoto, akampeleka kwa Mwanajuma. Wifi yangu, ambaye nilikuwa nikimdharau kwa kuwa hajui kusoma hata jina lake, alimsogeza binti yake upande mmoja, akamweka mwanangu upande wa pili. Bi Mwanaisha alijaribu kumzuia. Wale watoto walikwisha kunuiwa waje waoane, na wakinyonya ziwa moja ni ndugu, ndoa imekwisha. Mwanajuma akamjibu, “Mama, maiti haoi.” Athumani alinyonya mpaka jasho likamtoka.

Mwanangu alipona. Nashukuru Mungu usiku na mchana. Daktari niliyemweleza ukweli baadaye alinikaripia, akasema vidonge vile hukausha maziwa kwa wengine, na hata madoa hutokana navyo. Niliacha, lakini maziwa hayakurudi.

Omari hajanipa talaka. Amenirudisha Kisauni “nikapumzike,” na mwaka unakaribia kwisha. Mtoto yuko Likoni kwa mama wa kumnyonyesha. Kila Jumapili navuka kwa feri kwenda kumuona. Nikimpakata hunivumilia kidogo, kisha huanza kumtafuta Mwanajuma kwa macho… Nani nimlaumu?

Dada zangu, siwaambii vidonge ni haramu wala ni sumu. Wako waliovimeza wasione kitu. Nawaambia msivimeze kwa siri kama nilivyofanya mimi, na msiendelee kunyamaza huku mtoto anadhoofika. Kama wanyonyesha, sema. Kama mwili umekukataa, rudi ukaseme. Aibu ya kusema ni ya siku moja!

Nanyi waume, mke akikwambia hataki mimba bado, msikilize wewe, usiende kumuuliza mamako.

Na nyinyi wauguzi, msimuulize mwana wa watu maswali ya siri na mama mkwe amemsimamia begani. Mtoeni nje kwanza, ndipo muulize. Pengine ningesema kweli siku ile… Pengine ningedanganya vilevile. Sijui, na kutojua huko ndiko kunakonitesa.