Blanketi la Kupatana

Seleyian alikuwa amelala korongoni nyuma ya machimbo ya mawe ya Kitengela, kisogo kimepasuliwa kwa kitu butu. Blanketi jekundu lilimfunika hadi kidevuni, pindo zake zimechomekwa chini ya nyayo.

Inspekta Mukai alilitazama blanketi hilo kwa hasira. Wauaji aliowazoea hutupa mtu na kutimua mbio. Huyu alikuwa ameinama kumkinga maiti na baridi.

Mji mzima ulikuwa na jibu moja: mumewe. Mwaka uliopita Ezra alimvunja mkono, naye akakimbilia makao ya akina mama pamoja na bintiye, Naeku. Mukai alimtia Ezra mbaroni bila kusita, na hakuficha kwamba alifurahi.

"Ulikuwa unampiga?"

"Nilikuwa nampiga. Lakini juzi kwa kikao nilikubali makosa mbele ya wazee. Akanisamehe. Akasema lakini harudi."

"Nawe ukamkubalia?"

"Ningefanya nini? Jana nilikuwa Namanga siku nzima, napakua lori. Piga simu uulize."

Mukai alipiga. Ilikuwa kweli, na ikamuudhi.

"Na hii blanketi?"

Ezra alilitazama, akaangua kilio. "Nilipelekea baba yake, na kondoo. Ya kuomba msamaha."

Rachel, mshauri wa makao yale, alikuwa amevimba macho.

"Aliondoka kwa nini?" Mukai aliuliza.

"Baba yake alimpigia simu. Akamwambia mama yake ni mahututi. Sisi hatumwambii mtu yeyote mahali akina mama hawa walipo, Inspekta. Lakini baba mzazi! Akaniachia Naeku, akaenda."

Mzee Saning'o, baba yake Seleyian, alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake, upande wa Kajiado.

"Sopa, mzee," Mukai alimsalimu.

"Ipa."

Mkewe alikuwa akitoka kisimani na mitungi miwili ya maji. Mukai akamgeukia.

"Umepata nafuu, mama?"

"Nafuu ya nini? Kwani niliugua lini?"

Mzee akainamisha kichwa.

"Mzee, blanketi ya Ezra iko wapi?"

"Alitoka nayo jana," mkewe alisema. "Akarudi bila." Kisha akaitua mitungi chini, mmoja baada ya mwingine, maana alikuwa ameelewa.

"Nilikuwa nimepokea kondoo," Saning'o alisema hatimaye. "Kwa kikao nikaambia wazee Seleyian atarudi kwa Ezra. Yeye akasimama, mimi nimeketi hapo, akasema hapana. Wazee wote wakaniangalia."

"Ndiyo ukamwita."

"Nimwongeleshe tu. Nikamngojea njiani, pale machimbo. Blanketi nilibeba aone nimevaa, ajue mambo imeisha. Akaniambia, 'Baba, ulikula kondoo ya mkono wangu.' Rungu nilikuwa nayo."

"Halafu ukamfunika."

"Kulikuwa na baridi. Ni mtoto wangu."

Mukai alitamani kumzaba kofi. Badala yake alimfunga pingu, akamwongoza hadi garini. Hapo mlangoni mzee akasita.

"Naeku sasa hana mama. Mimi ndio babu yake. Mtoto ako wapi?"

Kabla Mukai hajafungua kinywa, sauti ilitoka nyuma yao. Mama yake Seleyian alikuwa bado amesimama kando ya mitungi yake.

"Usimwambie," alisema.