Sema Ulichogusa

Kila kengele ya kutoka shule ilipolia, wenzake walikimbilia nyumbani, lakini Judica alikimbilia dukani kwa Bi Ashura. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja tu huko Kashai, mjini Bukoba, kati ya kinyozi na muuza mkaa, bodaboda zikipiga honi mlangoni tangu asubuhi. Ndani, ving'amuzi vya watu vilipangwa kwenye rafu mpaka karibu na dari, kila kimoja na ugonjwa wake. Bi Ashura alivitibu kwa subira, ncha za mtandio wake akizifunga nyuma ya shingo ili zisiguse waya.

Judica alikuwa darasa la sita. Alianza kwa kufagia, baadaye akakabidhiwa bisibisi, na sasa aliruhusiwa kushika rimoti na kufungua menyu. Alikuwa hodari, na alijua kwamba ni hodari. Ukitaka Judica afanye jambo, mwambie haliwezi.

Duka lile lilikuwa na sheria moja. Kabla hujampa mwenzako kifaa ulichokuwa ukikishughulikia, ilikubidi useme kwa sauti kila ulichogusa: skrubu, waya, hata namba moja kwenye menyu.

"Sema ulichogusa," Bi Ashura alikuwa akisema. "Usiponiambia, mimi nitatafuta ugonjwa mmoja kumbe yako mawili. Kifaa hakina mdomo, mwanangu. Mdomo unao wewe."

Shule zilipofungwa mwezi wa Desemba, mama yake alimpeleka Muleba kwa Babu Rwekaza na Bibi Kokuhirwa. Nyumba yao ilikuwa katikati ya kibanja, yaani shamba la nyumbani, na migomba iliizunguka pande zote mpaka madirishani. Judica alipofika alipiga magoti kuwasalimu wazee, kama wasichana wa Kihaya wanavyofundishwa tangu wadogo, na Bibi akamshika kichwa huku akicheka kwa furaha.

"Umekuja wakati mzuri," Bibi alisema. "Jumapili tutaonekana kwenye televisheni!"

Kwaya ya usharika wao ilikuwa imerekodiwa Bukoba, na Bibi Kokuhirwa alisimama mstari wa mbele kabisa, sauti ya kwanza. Majirani wote walikuwa wamealikwa kuja kuitazama kwa Babu, kwa kuwa hapo ndipo penye king'amuzi cha maana. Kilikuwa kimeletwa kutoka Kampala na Gozbert, baba mdogo wa Judica, aliyeishi hapohapo na kuendesha lori la mizigo. Hakikuwa king'amuzi cha kawaida. Kiliendeshwa na mfumo wa Linux, yaani kilikuwa kompyuta ndogo hasa: ukikiwasha kinaamka polepole, na menyu yake ina mipangilio mingi kuliko mwenye nyumba anavyohitaji. Gozbert alikitukuza sana. Rimoti aliiweka juu ya kabati, mahali ambapo mtoto hafiki bila kupanda kiti.

Ijumaa jioni, wazee wakiwa jikoni, Judica alipanda kiti.

Alitaka kuangalia tu. Alifungua menyu, akaona kwamba dishi la Babu lina vichwa viwili, kila kichwa kikipokea mawimbi ya setelaiti yake, na kila kimoja kimepewa namba ya tundu ambamo waya wake umechomekwa. Chaneli za habari na mpira zilitoka kwa kichwa cha kwanza. Chaneli ya kwaya ilitoka kwa kichwa cha pili. Judica akabadilisha namba ya kichwa cha pili, aone king'amuzi kitasema nini. Kabla hajairudisha, Bibi alimwita akamenye ndizi. Akabonyeza vitufe harakaharaka kutoka kwenye menyu, akairudisha rimoti juu ya kabati na kukimbia. Taarifa ya habari ilikuwa ikiendelea vizuri, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi.

Mvua kubwa ilinyesha mpaka alfajiri. Asubuhi Gozbert aliwasha televisheni asikilize habari, akakuta kioo cheusi. Alibadilisha chaneli moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa giza tupu. Kisha akaona kiti bado kipo mbele ya kabati.

"Judica!"

Judica alikuja na mikono yenye utomvu wa ndizi.

"Umefanya nini hapa?"

"Sijagusa kitu," Judica alisema. Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria.

"Kiti kimetembea chenyewe? Umeua king'amuzi changu! Nimekitoa Kampala kwa taabu, halafu mtoto wa kufagia duka anakuja kujifunzia hapa kwangu!"

Judica alitazama televisheni. Kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi. Namba moja ya kichwa cha pili ingezima chaneli za kichwa cha pili peke yake. Haikuweza kuzima zote. Kuna jambo lingine hapa, na jambo hilo si lake.

"Sikukiua, Baba mdogo. Hata hakijafa. Taa inawaka na menyu inafunguka."

"Usinifundishe! Piga magoti hapa mbele ya Babu na Bibi yako uombe radhi. Na mama yako nitampigia simu sasa hivi. Kwa Ashura hurudi tena. Huko ndiko unakofundishwa kuharibu vitu vya watu."

Hilo lilimchoma. Fimbo angeivumilia, na kunyimwa chai angekuvumilia pia. Lakini kulikosa lile duka la Kashai, harufu yake ya risasi ya kulehemu ikiyeyuka na sauti ya Bi Ashura akisema "haya, jaribu wewe," hakuweza hata kulifikiria. Na mama yake angemsikiliza shemeji yake, Judica alijua hivyo.

Njia rahisi ilikuwa moja: kupiga magoti, kusema pole, mambo yakaisha. Bibi alimkonyeza afanye hivyo. Judica alibaki amesimama wima.

"Nimepiga magoti kuwasalimu, na kesho nitapiga tena," alisema. "Lakini kwa kosa lisilo langu sipigi."

"Umeona, Tata?" Gozbert alimgeukia Babu. "Umeona mtoto huyu?"

Babu Rwekaza alikuwa mtu wa maneno machache. Alimtazama mjukuu wake, kikombe cha kahawa mkononi.

"Anayeshtaki ndiye anayehukumu," alisema. "Hiyo ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Judica, unasema hakijafa?"

"Hakijafa, Babu."

"Basi tuonyeshe. Ukishindwa, utamsikiliza baba yako mdogo."

Judica alinawa mikono, akaichukua rimoti mbele yao wote. Alizima king'amuzi, akakiwasha upya, akangoja kiamke. Kiliamka bila tatizo. Akafungua ukurasa unaopima mawimbi, palipo na mistari miwili: mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora.

"Tazama, Baba mdogo. Nguvu ipo. Maana yake king'amuzi kizima, waya mzima, na kichwa cha dishi kinapata umeme. Lakini ubora ni sifuri. Dishi haliioni setelaiti."

"Dishi liko palepale nilipolifunga mimi mwenyewe. Nani alisogeze?"

"Twende tukalione."

Wakatoka nje kwenye matope. Dishi lilikuwa juu ya nguzo ya chuma kando ya jiko, na Gozbert akalinyooshea kidole kwa ushindi. "Liko pale! Limekwenda wapi?"

Judica alilizunguka polepole. Mgomba mkubwa ulisimama karibu na nguzo, umebeba mkungu mzito ambao Babu alikuwa akiulinda kwa ajili ya Krismasi. Kila siku alikuwa akiusifu kwa majirani. Kwa kawaida mgomba uliobeba hutegemezwa kwa miti miwili yenye panda. Huu haukuwa na mti hata mmoja. Ulikuwa umefungwa kwa kamba imara, na kamba ile ilikuwa imezungushwa kwenye nguzo ya dishi.

Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuiona kamba hiyo kama tatizo. Mkungu ukiwa mzito, unafungwa kwenye chochote kilicho karibu. Nani aushuku mgomba wake mwenyewe? Lakini mvua ilikuwa imelainisha udongo, mkungu ukavuta kamba, kamba ikavuta nguzo. Ilikuwa imeinama kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni upesi, na setelaiti haihitaji zaidi ya hapo ili ipotee.

"Nani amefunga hapa?" Judica aliuliza.

Gozbert alimtazama Bibi, Bibi akamtazama Babu. Babu akakohoa.

"Nimefunga mimi," alisema. "Juzi. Miti ya kutegemeza niliona uvivu kuitafuta."

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Gozbert hakucheka, lakini alivua koti lake bila kuambiwa. Babu akaleta miti yenye panda, mgomba ukategemezwa ipasavyo, kamba ikafunguliwa. Gozbert aliisimamisha nguzo na kuishindilia kwa mawe, kisha akaligeuza dishi taratibu, huku Judica akipiga kelele dirishani: "Kidogo kushoto! Umepitiliza! Rudi, rudi... hapo! Usipumue!"

Mstari wa ubora ulipanda. Picha ikarudi, mtangazaji wa habari akitabasamu kama vile hakuondoka. Bibi alipiga vigelegele.

"Ah," Gozbert alisema, akifuta matope. "Kumbe mgomba. Basi, Judica, duka lako nimekurudishia. Weka chaneli ya kwaya, Bibi yako aridhike."

Judica aliiweka. Kioo kikawa cheusi.

"Hiyo labda dishi bado halijakaa sawa," Gozbert alisema kwa upole ambao hakuwa nao asubuhi. "Ngoja nikalisogeze tena kidogo."

Judica alijua dishi lilikuwa limekaa sawa. Ile ilikuwa namba yake ya jana, ambayo katika haraka yake hakuirudisha. Rimoti ilikuwa mkononi. Baba mdogo angetoka nje, yeye angebonyeza vitufe vitatu, na mgomba ungebeba lawama zote. Hakuna ambaye angejua mpaka kufa. Na akisema, je? Baba mdogo angepata alichokitaka, duka lingempotea, na safari hii kwa haki.

Gozbert alikwisha kufika mlangoni. Angelisogeza dishi zima lililokwisha kupona, akitafuta ugonjwa usiokuwapo.

"Usiliguse, Baba mdogo!" Judica alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Hiyo ni yangu."

Akapiga magoti. Hakuna aliyemwambia.

"Jana nilipanda kiti. Nilifungua menyu, nikabadilisha namba ya tundu la kichwa cha pili. Nikaitwa kabla sijairudisha. Na leo asubuhi nikasema sijagusa kitu. Nilisema uongo. Naomba mnisamehe."

"Ahaa!" Gozbert aligeuka. "Kumbe nilikuwa sahihi! Si nilisema?"

Judica aliinua uso. Alikuwa bado amepiga magoti, machozi yakimtiririka, lakini macho hakuyashusha.

"Hapana, Baba mdogo. Ulisema nimeua king'amuzi. Sikukiua. Namba ni yangu na uongo ni wangu. Giza la asubuhi si langu, na silichukui."

"Ni langu mimi," Babu alisema. "Na wewe, Gozbert, la kwako lipo. Ulihukumu kabla ya kutoka nje kutazama. Tukigawana hivi, kila mtu ana kipande chake cha kubeba."

Gozbert akasema, kwa shida, "Haya. Nilikuita muuaji wa vitu bila kutazama. Hilo ni langu. Inuka, mwanangu, urudishe hiyo namba."

Judica aliinuka. Aliirudisha namba taratibu, akisema kwa sauti kila alichogusa: menyu, kichwa cha pili, tundu la pili, hifadhi. Chaneli ikafunguka.

Jumapili sebule ilijaa mpaka watoto wakakaa chini. Bibi alipojiona kwenye kioo alipiga ukelele: "Waitu! Mbona wamenifanya mnene hivi?" Watu walicheka, kisha wakanyamaza, kwa maana wimbo ulikuwa mzuri kweli, na sauti ya Bibi ilisikika waziwazi.

Majirani walipoondoka, Babu alimwita Judica barazani.

"Jana nilipokuona umekataa kupiga magoti, nilijiuliza, huyu ni jasiri au ni mkaidi tu? Sikujua. Nimejua ulipopiga magoti bila kuambiwa. Sikiliza, mjukuu wangu. Kukataa kosa lisilo lako ni haki yako, hata aliye mbele yako awe mkubwa. Mkatalie kwa adabu, lakini mkatalie. Ila haki hiyo inamfaa mtu anayelikubali lililo lake. Anayekataa yote, siku akisema kweli nani atamwamini?"

"Nimesikia, Babu. Na duka? Nitarudi kwa Bi Ashura?"

"Utarudi. Baba yako mdogo atakupeleka mwenyewe kwa lori lake, akamsalimie huyo mama anayefundisha watoto kusema walichogusa." Babu alitazama mkungu wake, sasa umesimama salama juu ya miti yake miwili. "Mwambie na mimi nilifunga kamba kwenye dishi. Lakini usimwambie kwa nini."

"Nitamwambia yote, Babu," alisema Judica. "Ndiyo sheria ya duka."