Mwiko wa Zaharia

Ta! Ta! Ta-ta! Karanga zilikuwa zikialika kikaangoni. Mouhidine alizisikia kabla hajafumbua macho, akajua mama yake anatengeneza ladu, vidonge vitamu vya unga na karanga, za kuuza bandarini Mutsamudu. Akanawa, akasali, akanywa chai. Alipotoka alikuwa na ladu mbili mfukoni.

Mwaka huo wa 1977, wakati wa mapinduzi, wafanyakazi wengi wa serikali walikuwa wameachishwa kazi na vijana wameshika nafasi zao. Darasa la Mouhidine lilifundishwa na Chanfi, kijana wa miaka ishirini, mkali kama pilipili. Watoto walimwita Fundi, kama walimu wanavyoitwa visiwani.

Wiki iliyotangulia aliletwa msichana mpya kutoka Moroni, Zaharia. Wenzake walipomkaribisha karanga, alikataa.

"Kwangu ni mwiko. Koko, bibi yangu, kanikataza."

"Mwiko?" Fundi Chanfi alifoka. "Mapinduzi yameshaizika miiko yote!"

"Fundi," Mouhidine akadakia, "mwiko ninaoujua mimi ni wa kupakulia wali!"

Darasa likaangua kicheko. Zaharia akainamisha kichwa.

Sasa, wakati wa mapumziko, Mouhidine alimnyoshea ladu. "Kula, binti wa Moroni. Ni unga wa mchele mtupu."

"Wallahi?"

Mouhidine alisita. "Wallahi."

Zaharia akala. Mouhidine alikuwa amejiandaa kupiga kelele kwamba mwiko umeliwa na mtu hajafa. Kelele hiyo haikutoka. Zaharia alianza kujikuna shingo. Midomo ikamvimba, sauti ikakauka, na pumzi yake ikapiga mluzi mwembamba.

"Jini limempanda!" alilia Loutfia, aliyekaa dawati moja na Zaharia.

"Hakuna jini hapa!" Fundi Chanfi alisema akija mbio. "Ni joto tu. Mleteeni maji, akae kivulini."

Mouhidine aliujua ukweli. Akisema, atachapwa na kuaibika. Asiposema, je? Aliiona mikono ya Zaharia ikishika koo.

"Si joto, Fundi! Nimemlisha karanga! Nimemwapia uongo!"

 Fundi Chanfi alimbeba Zaharia mikononi akateremka mbio vichochoroni. Mouhidine alitangulia akipaza sauti: "Tupisheni! Mgonjwa! Tupisheni!"

Hospitalini, muuguzi, Bi Moinaecha, aliuliza swali moja tu: "Kala nini?"

"Karanga!" alisema Mouhidine.

Akamlaza, akavuta dawa ya adrenalini kwenye sindano, akamchoma pajani. Kisha wakangoja. Mouhidine aliusikiliza ule mluzi. Ulikuwa bado upo. Ulikuwa bado upo. Halafu, polepole, ukalegea, na Zaharia akavuta pumzi ndefu.

"Mngechelewa kidogo, mngekuwa mnatafuta sanda," alisema Bi Moinaecha. "Kuna watoto ambao miili yao huipokea karanga kama sumu. Koko yake hakujua jina la ugonjwa, lakini kinga aliijua: asile."

Fundi Chanfi alijifuta jasho. "Shuleni hakuna anayeyajua haya, Bi Moinaecha. Hata mimi. Njoo utufundishe."

Alikuja kesho yake. Aliwafundisha dalili, na kwamba mtoto wa namna hiyo asiachwe peke yake wala asitembezwe, abebwe hospitali papo hapo. Wanafunzi wawili wakubwa wakapewa kazi ya kutangulia hospitalini kutoa habari. Fundi mwenyewe aliandika kwenye daftari kila mtoto na kile kinachomdhuru. Loutfia akakumbuka kwamba kaka yake huvimba uso akiumwa na nyuki.

Zaharia aliporudi baada ya siku tatu, Fundi Chanfi alisimama mbele ya darasa. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Niliufokea mwiko kabla sijauliza unalinda nini. Mouhidine naye aliapa uongo, na ukweli wake ulikuja kwa kuchelewa, lakini ulikuja, ukaokoa roho. Sikilizeni, wanangu: katazo usilolielewa, liulizie. Usilijaribu kwa mwili wa mwenzako."

Mouhidine aliinuka, akaenda hadi dawati la Zaharia.

"Leo umeniletea nini?" Zaharia aliuliza, na wenzake wakacheka.

Mouhidine hakucheka. "Mikono mitupu, Zaharia. Nakuahidi mbele ya wote hawa: sitakuapia uongo tena. Na siku pumzi ikikubana, sitangoja kuulizwa. Nitasema, na nitakimbia."