Spika Alizojaribu Anold

Rafiki yangu Anold, mwalimu aliyehamia Mtwara kutoka Iringa, alikuwa akirekodi nyimbo za kwaya kwa kompyuta, sebuleni kwake Shangani. Masika ya mwaka 2004 alikwenda kwenye duka la redio la Sadruddin kutafuta spika za bei nafuu, zifae kompyuta na zifae pia kusikilizia anachorekodi.

“Hizi kubwa zina besi nyingi mno, zitakudanganya,” Sadruddin alimwambia. “Chukua hizi ndogo, mwalimu. Penye kosa utalisikia.”

Anold akatoa sidii yake wazijaribie. Siku ya kurekodi waliimba wanaume watatu na mwanakwaya mwenzao, Elizabeti, lakini sauti ya Elizabeti ilitetemeka kwa ugonjwa, naye Anold alikuwa ameifuta, zikabaki za wanaume tu. Alimdanganya Elizabeti kwamba mashine iliharibika. “Tutarudia ukipata nafuu,” alimwahidi. Elizabeti akafa, akazikwa kijijini kwao Nanyamba kabla hawajarudia, na Anold hakwenda mazishini kwa aibu.

Wimbo ulipofika katikati, Zainabbai, mke wa Sadruddin, aliinua kichwa.

“Mama huyu anaimba vizuri,” alisema.

“Hakuna mwanamke humo,” Anold akajibu.

Mara umeme ukakatika. Nje wingu lilikuwa limetanda, duka likajaa giza. Feni ikazunguka polepole mpaka ikasimama, spika zikanyamaza, na Anold akabaki akisikia mvua tu juu ya bati.

Zainabbai akainama, akatega sikio kwenye spika.

“Mwalimu,” alisema, “mama huyu anauliza kama mmeshaanza kurekodi upya.”