Tani Mbili na Nusu kwa Siku

"Tani mbili na nusu?" Bi Tani aliuliza, macho kwenye kompyuta. "Meli kubwa namna hii, siku kumi na mbili mfululizo, inachoma tani mbili na nusu tu kwa siku?"

Mwenzake wa meza ya pili hakuinua hata kichwa. "Hiyo imetia nanga, dada. Injini kubwa imezimwa, wanawasha jenereta tu."

Bi Tani akaisoma namba ile tena.

Kazi yao ilikuwa hiyo. Kila meli inaleta taarifa ya mafuta iliyochoma, wao wanailinganisha na njia iliyopitia na mwendo wake, kisha wanakadiria hewa ukaa iliyotoka kwenye bomba la moshi. Faili la meli hii hakupangiwa yeye. Alimwomba mwenzake amruhusu kuchungulia tu, kwa sababu mhandisi mkuu wa meli hiyo alikuwa mchumba wake, yule aliyembandika jina la Bi Tani kwa kazi hii ya kuhesabu tani.

Na asubuhi hiyohiyo mchumba alikuwa amemwandikia:

"Tuko katikati ya bahari mpenzi. Injini inanguruma, siwezi kupiga. Mtandao nao mbovu."

Mwezi wa pili sasa hapigi, anaandika tu.

Bi Tani akateremsha faili mpaka kwenye sahihi. Haikuwa ya mchumba. Taarifa zote kumi na mbili zilisainiwa na msaidizi wake. Akampigia.

"Shemeji! Habari za siku?"

"Nzuri. Mpe simu bosi wako."

"Shemeji... si alishuka wiki mbili zilizopita? Nilidhani yuko kwako."

Bi Tani akakata simu. Harusi ilikuwa imebaki mwezi mmoja.

"Ana mwanamke," alimwambia mwenzake. "Sema kweli, wewe ungefikiri nini?"

"Ningefikiri hivyohivyo. Lakini ningekwenda kuona kwa macho yangu."

Akaomba ruhusa, akaenda moja kwa moja kwa dada wa mchumba wake. Mlango ukafunguliwa nusu.

"Yuko wapi? Na yuko na nani?"

"Yuko peke yake. Ingia, wifi. Mimi mwenyewe nimechoka kumfichia."

Alimkuta chumba cha uani, amekaa kitandani, mgongo mlangoni.

"Kumbe bahari yako ina kuta nne!"

Hakugeuka.

"Nasema na wewe!"

Wapi! Hata bega halikutikisika. Bi Tani akapiga hatua amvute shati, dada mtu akamshika mkono.

"Hasikii, wifi."

Bi Tani akamgusa begani taratibu. Mwanaume akageuka, uso ukamshuka.

"Nani kakwambia?" Sauti ilikuwa juu mno, kama ya mtu anayeshindana na injini.

Bi Tani akaandika kwenye simu: "Mafuta." Akamwonyesha. Alisoma, akataka kucheka, kicheko kikageuka kilio.

"Miaka kumi na saba kwenye chumba cha injini," alisema. "Sikio la kushoto lilitangulia, nikajikausha. Juzijuzi kengele ya hatari ililia, sikuisikia. Msaidizi wangu ndiye aliyenivuta. Nikashuka mwenyewe, kabla sijaua mtu. Daktari anasema vifaa vya kusikia vitasaidia kidogo tu."

"Kwa nini hukuniambia?" Alimwambia usoni, polepole, asome midomo.

"Ulichumbiwa na mhandisi mkuu. Sasa mimi ni nani?"

"Njia nzima nimelia nikikuwaza na mwanamke mwingine. Ungeniambia, ningelilia masikio yako. Kwa kilio hiki cha leo umenidhulumu."

"Nisamehe."

"Sijakusamehe bado." Akavuta kiti, akaketi mbele yake. "Lakini siondoki."

Msamaha ulichukua siku kumi na moja, na harusi ikaahirishwa mara moja. Siku yenyewe ilipofika, msajili wa ndoa aliuliza swali lake akiwa ameinamia karatasi. Bwana harusi akabaki kimya. Watu wakaanza kutazamana, shangazi mmoja akajiziba mdomo.

Bi Tani akamshika kidevu, akamgeuza amtazame, akauliza mwenyewe:

"Unanikubali?"

"NAKUBALI!"

Ukumbi mzima ukashtuka, kisha ukaangua kicheko. Bi Tani hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na kidevu hakukiachia.